Miezi Kumi ya Ukalimani wa Lugha ya Alama Ibadani: Tathmini ya Mchungaji

Kwa miezi kumi sasa, usharika ninaouhudumia kando ya Barabara ya Morogoro, jijini Dar es Salaam, umekuwa na wakalimani wawili wa lugha ya alama katika ibada ya pili ya kila Jumapili, ile inayoanza saa nne asubuhi. Wachungaji wenzangu kadhaa wameniuliza kama huduma hii inafaa na inadai nini kwa usharika, nami nimeona ni vyema nijibu kwa maandishi, kwa sababu jibu la mlangoni baada ya ibada huwa fupi mno na huacha nje yale tuliyojifunza kwa kukosea.

Tulianza vibaya. Mkalimani wa kwanza alikuja kwa kupendekezwa na rafiki wa mzee mmoja wa kanisa, akasimama mbele kwa Jumapili nne akichezesha mikono kwa namna iliyotupendeza sana sisi tunaosikia, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kuwauliza viziwi sita waliokuwa wameketi mbele yake. Jumapili ya tano, mama mmoja miongoni mwao alinipa kipande cha karatasi alichokiandika: "Mchungaji, hatumwelewi." Ilibainika kwamba yule ndugu alikuwa akiweka alama moja kwa kila neno la Kiswahili, neno baada ya neno, ilhali Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na ndani yake sura ya uso, macho na mahali mikono inapokaa hubeba maana kama viambishi vinavyobeba maana katika usemi wetu. Niliona aibu, kwa kuwa kwa mwezi mzima tulijihesabu kuwa tumewakaribisha watu ambao walikuwa wakitazama tu.

Kwa hiyo wakalimani tulionao sasa walisailiwa na viziwi wenyewe, wazee wa kanisa wakiwa wasikilizaji. Usharika usio na viziwi wa kufanya kazi hiyo unaweza kuomba ushauri wa CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania. Mmoja wa wakalimani hawa ni binti aliyelelewa na wazazi viziwi, na mwingine ni mwalimu kijana. Uwezo wao ni mkubwa, na nidhamu yao ya kazi imenibadilisha hata mimi. Ifikapo Ijumaa wanataka wawe na somo, namba za nyimbo na muhtasari wa mahubiri. Mwanzoni niliuona mzigo, maana nilizoea kumaliza mahubiri Jumamosi usiku, lakini maswali yao yananilazimisha kujua ninachotaka kusema. Wimbo ukimwita Mungu mwamba, mkalimani huniuliza kama waumini waone jiwe au waone mahali pa kukimbilia, na nisipokuwa na jibu ninatambua kwamba nimekuwa nikiuimba wimbo huo kwa miaka mingi bila kuufikiri.

Hupokezana kila baada ya dakika ishirini hivi. Kuzishika lugha mbili akilini kwa wakati mmoja huchosha haraka, na mkalimani aliyechoka huanza kudondosha maneno bila yeye mwenyewe kujua. Usharika unaomwajiri mmoja kwa ibada inayochukua muda wa saa mbili na nusu haujaokoa chochote.

Tulilazimika pia kuhamisha vitu. Mkalimani alikuwa akisimama mbele ya dirisha kubwa la mashariki, na mwanga wa asubuhi ulimfanya aonekane kama kivuli. Tulimsogeza karibu na mimbari, tukanunua taa moja yenye betri kwa ajili ya siku umeme unapokatika, na viti vya safu mbili za mbele upande wa kushoto tukaviacha kwa viziwi na jamaa zao. Lakini kosa lililoniuma zaidi lilikuwa la kinywa changu mwenyewe. Kila Jumapili nilisema, "Tufumbe macho, tuombe." Kiziwi akifumba macho, sala imekwisha kwake. Nilikuwa nikiwafungia mlango kwa maneno ya heshima, na sikulijua hilo mpaka yule binti aliponieleza kwa upole katika ofisi yangu. Siku hizi ninasema tu, "Tuombe." Vilevile wasomaji wetu wa matangazo wameacha neno "mabubu", ambalo viziwi walitueleza wazi kuwa linawadhalilisha.

Kuhusu gharama, wakalimani wetu hupewa nauli, chakula cha mchana na posho. Jambo hili lilileta mjadala mrefu katika baraza, kwa kuwa baadhi ya wazee waliamini kwamba anayejitolea kwa ajili ya Bwana hapaswi kupewa fedha. Niliwakumbusha kwamba mpiga kinanda na fundi wa vipaza sauti hupewa posho na hakuna anayetilia shaka wito wao. Niliwakumbusha pia kwamba nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kwa hiyo jambo hili haliwezi kuitwa fadhila. Kujitolea nako kupo: vijana wanane hujifunza alama kila Alhamisi jioni, wakifundishwa na kiziwi mwanausharika, nao hupokea watu mlangoni, huamkia kwa alama na huonyesha viti. Nimewakataza kabisa kukalimani mahubiri, kwa sababu moyo mwema hauwezi kuziba pengo la miaka ya kujifunza lugha.

Upungufu upo. Ibada za jumuiya za majumbani, katikati ya juma, bado hazina mkalimani, na huko ndiko watu hufarijiana hasa. Ushauri wa kichungaji ni mgumu zaidi, kwa sababu mtu wa tatu anakuwepo pale ambapo muumini angetaka kuzungumza nami peke yangu. Wakalimani wetu wametunza siri vizuri, lakini naelewa kwa nini baba mmoja bado anapendelea kuniandikia. Isitoshe, wapo viziwi ambao hawakupata shule na hutumia alama za nyumbani kwao tu, na kwao huduma hii inafika nusu.

Pamoja na hayo, naipendekeza bila kusita kwa usharika ulio tayari kubadilisha ratiba na bajeti yake. Mwezi uliopita somo la Injili lilikuwa Marko sura ya 7, habari za kiziwi ambaye Yesu alimtenga na mkutano, akamtia vidole masikioni na kumgusa ulimi, yaani alisema naye kwa vitu anavyoweza kuviona na kuvihisi. Somo hilo lilisomwa kwa alama na yule mama wa karatasi, naye mkalimani akaketi safu ya mbele na kutamka kwa sauti. Sisi tunaosikia tulisubiri mikono ya mama imalize kila mstari ndipo tupate maneno, na kanisa lote lilikuwa kimya.