Star Trek II (1982): Starfleet ni jeshi, tusizungushane

Nimeiangalia tena The Wrath of Khan, yaani hiyo Star Trek II, muvi ya safari za anga, na kwa kweli ni bonge la muvi, ila wale wanaosema Starfleet, kile kikosi cha meli za anga kwenye muvi, ni watafiti wa anga tu eti sio jeshi waitazame vizuri. Kirk, yule shujaa mkuu, ni admirali, makuruta wanajipanga mstari anapita anawakagua, filimbi inapulizwa kama kwenye manowari, na kule chini vijana wanahangaika kupakia topido (makombora ya meli), hadi Spock, rafiki yake Kirk, akifa anazikwa angani ndani ya ganda la topido jamani. Kutafiti wanatafiti sawa, lakini una vyeo, una mahakama ya kijeshi, una silaha za kulipua meli nzima, we ni jeshi bana. Hata David yule mwanasayansi anawaita jeshi mle mle! Pambano la kwenye nebula (wingu kubwa la gesi angani) ndo balaa, itafuteni.