Mafuta ya mwarobaini na ya karafuu kwenye bustani ya mboga: uzoefu wangu, Lindi

Nimeyatumia kupambana na wadudu misimu miwili ya kiangazi kwenye bamia, mchicha, biringanya na chainizi, bondeni Mingoyo, kwa pampu ya mgongoni ya lita 16. Mafuta ya mwarobaini nitayanunua tena. Ya karafuu nimeyabakizia kazi ndogo. Ya mchaichai, kwa ajili ya wadudu, basi.

Tuanze na chupa yenyewe, maana wengi wanaosema mwarobaini haufanyi kazi walinunua kitu kingine. Yanayofaa ni yale yaliyokamuliwa bila moto kutoka kwenye mbegu: mazito, ya rangi ya kahawia, machungu, na harufu yake ni kama kitunguu saumu na karanga zilizochacha. Humo ndimo ilimo azadiraktini, inayomkatisha mdudu hamu ya kula na kumzuia kujivua gamba. Mafuta yaliyosafishwa mpaka yakawa meupe yasiyo na harufu yamepoteza kiini hicho. Yatamziba kidukari pumzi kama mafuta mengine yoyote, basi. Ukiweka chupa kwenye friji usiku mmoja, ya kweli huganda au huwa mazito sana, ila usitegemee kipimo hicho peke yake, kwa sababu mawese nayo huganda. Ukipata yaliyosajiliwa kama kiuatilifu, yenye namba ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania) kwenye lebo, chukua hayo kabla ya yale ya kupaka nywele.

Kipimo changu kwa vidukari na nzi weupe ni ml 5 kwa lita moja ya maji, yaani ml 80 kwa pampu nzima. Chupa ya nusu lita inatoa pampu sita. Kwa utitiri mwekundu napanda hadi ml 10 kwa lita, lakini kwenye biringanya iliyokomaa tu. Pima kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa. Kizibo cha chupa ya soda kinadanganya, kwani vizibo havilingani.

Mafuta hayaingii majini yenyewe, na hapa ndipo kazi nyingi inapoharibika. Chukua nusu lita ya maji ya uvuguvugu kwenye chupa, tia ml 25 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kisha ndipo uongeze ml 80 za mafuta. Tikisa mpaka iwe kama maziwa, pasionekane tone linaloelea. Mimina kwenye pampu iliyojaa maji nusu, halafu ujazilize. Ukitia mafuta moja kwa moja kwenye pampu yanakaa juu: matuta ya kwanza yanapata maji matupu, tuta la mwisho linapata mafuta tupu na linaungua. Hata yakichanganyika vizuri, tikisa pampu kila baada ya dakika chache, na umalize siku hiyohiyo. Mchanganyiko uliolala hauna nguvu.

Maji yetu ya visima vya pwani yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Sabuni ya mche inakatika humo na kuwa mabonge meupe yanayoziba ncha ya pampu, na azadiraktini yenyewe huharibika upesi kwenye maji ya namna hiyo. Maji ya mvua yaliyokingwa ndiyo bora. Ukikosa, kamulia ndimu kwenye maji kabla ya kuchanganya, na utumie sabuni ya maji, kwani ya mche ikikutana na ndimu inagawanyika.

Nyunyiza kuanzia saa 11 jioni. Jua la Lindi juu ya jani lenye mafuta linaacha mabaka ya kahawia, tena linaua kiini mapema. Na jioni nyuki wamekwisha kurudi mzingani. Elekeza ncha chini ya jani, wadudu wako huko. Jaribu kwanza majani matatu na usubiri siku mbili, hasa kwenye chainizi na miche michanga.

Sasa jambo ambalo lebo niliyopata haikulitaja, na kwetu Kusini ndilo kubwa: salfa. Kuanzia Juni hadi Septemba mikorosho inapuliziwa unga wa salfa kwa ajili ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga), na upepo unaushusha kwenye bustani zilizo karibu. Mafuta yakikutana na salfa juu ya jani, jani linaungua vibaya, na mkulima analaumu mwarobaini. Acha angalau siku 14 kati ya salfa na mafuta. Kama jirani anapulizia kila mara, tumia maji ya mbegu za mwarobaini, nitakayoyaeleza chini, badala ya mafuta. Na usielekeze pampu juu kwenye mkorosho wenye sisimizi wa maji moto. Sisimizi hao ndio wanaoulinda dhidi ya mbu wa korosho, mdudu anayefyonza machipukizi.

Matokeo hayaji kesho yake. Vidukari wa bamia walikuwa bado wanatembea siku ya tatu, ila hawakuongezeka. Baada ya mpulizio wa pili, siku ya saba, walipungua sana, na wa tatu ukamaliza. Nzi weupe walihitaji mipulizio minne. Kwa kantangaze wa nyanya siwezi kuyasifu: kiwavi amejificha ndani ya jani, mafuta yanapita juu. Huyo anataka mitego na kung'oa majani yaliyochorwa. Mchicha ukivunwa siku inayofuata una uchungu. Acha siku nne, kisha uoshe vizuri.

Mafuta ya karafuu, yale ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kutoka Pemba, ni makali. Kwa ml 1 kwa lita pamoja na sabuni yanaua vidukari yanaowagusa, palepale. Ukifika ml 3 unaunguza mboga. Kwa kipimo kikubwa zaidi watu huyatumia kuua magugu. Tena yanaruka hewani, kesho yake hakuna kinachobaki. Nayatumia kwenye shina lililovamiwa ghafla, kwa kichupa cha mkononi. Mchaichai unaruka upesi zaidi, na nzi weupe walirudi kabla ya jua kuzama.

Anayeona bei ya mafuta ni kubwa, mbegu za mwarobaini zinaanguka uani bure. Menya, kausha kivulini, twanga viini, loweka gramu 50 kwa kila lita usiku kucha, chuja kwa kitambaa mara mbili, tia sabuni kidogo. Kwa pampu yangu ni gramu 800. Mbegu zenye ukungu tupa.

Pampu isioshewe mtoni wala kwenye bwawa la samaki, kwani mwarobaini unawadhuru viumbe wa majini. Ncha ya pampu ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, la sivyo mafuta yanaganda ndani na kesho inatoa mchirizi badala ya ukungu. Chupa ikae gizani, mahali pa baridi, isikae chini ya bati.