GNOME, Plasma au Cinnamon: Nani Anakuachia Uamuzi?

Assalamu alaikum, watazamaji wangu. Leo niko Lamu, mtaa wa Langoni, ndani ya saiba ya jamaa yangu. Kompyuta zake ni za mtumba, nzima kabisa, ila hazifikii masharti ya Windows 11, na usaidizi wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hivyo anahamia Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na ameniuliza: aweke eneokazi gani, yaani sura ya skrini yenye menyu, madirisha na mipangilio? Hapa mezani ninazo tatu: GNOME ndani ya Fedora, KDE Plasma, na Cinnamon ya Linux Mint. Fedora na Mint ni matoleo ya Linux.

Naanza na GNOME. Tazameni pembe hii ya dirisha. Kitufe cha kufunga kipo, cha kuliteremsha dirisha hakipo. Ukikitaka, unapakua programu ya pembeni iitwayo Tweaks, ndipo ukiwashe. Sasa mteja anajaza fomu ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na barua yake iko wazi upande wa pili. Hicho kitufe atakitafuta, na mwenye saiba atainuka kila mara kwenda kumwonyesha njia nyingine.

Wenye GNOME hawakufanya hivi kwa uvivu. Mwaka 2002 Havoc Pennington, mmoja wa watengenezaji wake, alieleza kwamba kila chaguo lina gharama. Na hesabu yake ni ya kweli: swichi 10 tu za kuwasha na kuzima zinazaa michanganyiko 1,024, na hitilafu yaweza kujificha kwenye mmojawapo. Wengi wao hufanya kazi hii kwa kujitolea. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini chaguo likiondolewa, gharama haipotei, inahamia kwa mtumiaji. Tweaks ni gharama. Viendelezi vya GNOME, vile vijiprogramu vya kuiongezea uwezo, navyo ni gharama, kwa sababu toleo jipya hutoka kila baada ya miezi sita, na kiendelezi ulichokitegemea huenda kisikubali mpaka aliyekitengeneza akisasishe.

Penye sifa niseme. Hapa kwenye Ufikivu, sehemu ya kumrahisishia mwenye ulemavu, swichi moja tu, maandishi yote yamekuwa makubwa. Mzee mwenye macho mazito anasoma bila kuinama. Hili wamelifanya vizuri mno.

Haya, Plasma. Watu husema ina mipangilio mingi hadi inatisha, na kweli ni mingi. Lakini tazameni: juu kuna kisanduku cha kutafutia. Halafu kuna kitu nakipenda sana, kitufe cha kuonyesha mipangilio iliyobadilishwa. Nikikibonyeza, kila sehemu iliyotolewa kwenye hali yake ya mwanzo inawekewa alama. Kwenye saiba, ambako kila mtu anagusa, hii ni dawa: unaona palipoguswa, unaparudisha. Wingi wa chaguo haujawahi kuwa tatizo kwangu. Tatizo ni chaguo lisiloonekana lilipo, na lisilo na njia ya kurudi.

Cinnamon nayo ina historia inayofaa kujulikana. GNOME 3 ilipotoka Aprili 2011 na kuacha sura ya zamani, watu wengi waliumia. Kwa kuwa msimbo ni huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuubadilisha, hawakulazimika kungoja kuhurumiwa. Mwaka huohuo MATE, eneokazi jingine, ikazaliwa kutokana na GNOME 2, nao watu wa Linux Mint wakaanza Cinnamon. Menyu iko chini kushoto, vitufe vyote vitatu vipo, na aliyezoea Windows anakaa na kuanza kazi. Mipangilio si mingi kama ya Plasma, lakini ile inayohitajika kila siku iko mahali mtu atakapoitafuta kwanza.

Kwa saiba hii nasema Cinnamon, bila kusitasita. Kwa laptopu yako mwenyewe, uliye na hamu ya kuipanga utakavyo, chukua Plasma. GNOME nampa anayetaka skrini tulivu na asiyetamani kubadilisha chochote, na watu hao wapo wengi.

Ila usichukue kauli yangu peke yake. Zote tatu zinajaribika kwa flashi bila kugusa diski: weka faili la usakinishaji kwenye flashi, washa kompyuta kupitia hapo, fungua dirisha mbili tatu, chapa barua, tafuta kitu kinachokukera, kisha uone kama unaweza kukibadilisha bila kumwita mtu.