Flashi ya Tun Tun: kibanda cha filamu karibu na stesheni ya Tabora

Kwenye kibanda kimoja cha kukopi filamu karibu na stesheni ya reli Tabora kuna kifurushi ambacho vijana wa pale wanakiita "Tun Tun". Ni picha 12 za Kihindi za zamani, nyingi za nyeusi na nyeupe, na zote anatokea mchekeshaji Tun Tun, yule mama mnene anayeingia, anavunja watu mbavu dakika tatu, anaondoka. Ukija na flashi yako unalipa 6,000. Ukichukua ya kwao ya GB 16, ni 18,000 pamoja na kazi. Bei ni ya haki. Ila namna zinavyokopiwa inamwonea Tun Tun kuliko mtu mwingine yeyote ndani ya picha hizo, na karibu kila kasoro inarekebishika ukijua cha kudai kabla ya kutoa hela.

Jina lake halisi ni Uma Devi Khatri, amezaliwa 1923, na mjini Bombay, ambao sasa ni Mumbai, alifika kutafuta uimbaji, wala si uchekeshaji. Mtunzi wa muziki Naushad alimpa nafasi kwenye Dard ya 1947, na wimbo "Afsana Likh Rahi Hoon" ukashika kila mahali. Kwenye kioo anayeonekana akiuimba ni Munawar Sultana. Walipoingia waimbaji wapya, Lata Mangeshkar akiwa mbele yao, nafasi zikapungua, na Naushad mwenyewe akamshauri aigize. Picha yake ya kwanza ni Babul ya 1950, steringi Dilip Kumar. Munawar Sultana naye yumo! Miaka mitatu nyuma sauti ya mmoja ilitoka kinywani mwa mwenzake; sasa mmoja ndiye mrembo wa hadithi, mwingine ndiye wa kuchekwa. Jina la Tun Tun likamganda hapo, na baada ya hapo watengenezaji hawakumpa tena kitu kingine: mke mkali, shangazi mroho, mama mnene anayemkimbiza mwanamume mwembamba. Alifanya hivyo kwa miaka 40, hadi kwenye picha za rangi kama Namak Halaal ya 1982, na huko India jina lake likageuka neno la kumtania mwanamke yeyote mnene. Alifariki Mumbai Novemba 2003. Hakustahili kubanwa hivyo. Mtu aliyezoea kuhesabu mapigo ya ngoma za tabla anajua ni lini hasa aseme neno na ni lini anyamaze, na hicho ndicho kinachochekesha kwake, unene ni nyongeza tu.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote ni kuvutwa kwa picha. Sinema za wakati ule zilipigwa kwa umbo la 4 kwa 3, karibu na mraba. Televisheni za leo ni 16 kwa 9. Kijana akijaza kioo chote, kila mtu anapanuka kwa theluthi nzima. Mchekeshaji Johnny Walker, mwembamba kama ufito kwenye Mr. & Mrs. '55, anageuka mtu wa kawaida, na kichekesho chochote kinachotegemea mnene kusimama na mwembamba kinakufa palepale. Kagua kwa kutafuta kitu cha duara: gurudumu la baiskeli, saa ya ukutani, sahani. Kikionekana kama yai lililolala, picha imevutwa. Hiyo inatibika nyumbani: ingia kwenye mipangilio ya picha ya televisheni, chagua 4:3, mistari myeusi itokee pembeni. Duara likiwa sawa lakini vichwa vimekatwa kwenye paji la uso, basi juu na chini vimefyekwa na hakuna dawa. Dai nakala nyingine. Katika zile 12, mbili ziko hivyo.

Ya pili ni tafsiri. Nusu ya kifurushi wanaweka zile zilizotafsiriwa, ambapo msimulizi anaongea Kiswahili juu ya picha nzima na sauti ya asili inashushwa. Kwa picha ya ngumi hilo halina neno. Kwa huyu mama ni hasara tupu, maana sauti inayozimwa ndiyo ile iliyoimba Dard. Sema mapema: "Nataka zisizotafsiriwa, zenye maandishi ya chini." Wanazo, ila hawazitoi mpaka uombe. Faili la maandishi, lenye mkia wa srt, lazima liwe na jina lilelile la filamu na likae folda moja nayo, la sivyo televisheni haitaliona.

Maandishi yakianza sawa kisha yakachelewa kidogo kidogo, usimlaumu aliyeyaandika. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini nakala nyingi zilizotoka kwenye VCD zinakwenda kwa 25. Picha ya dakika 150 inaisha dakika 6 mapema, na waimbaji wote wanasikika wembamba kuliko walivyo. Yakiruka ghafla katikati, hapo kuna kipande kimekatwa. Picha ya saa mbili na nusu ilikaa kwenye VCD mbili au tatu, na kijana mwenye haraka anaunganisha ya kwanza na ya mwisho tu. Kwa hiyo angalia urefu: ikiwa chini ya saa mbili, uliza. Tun Tun mara nyingi anapita mara moja tu, kama anavyopita kwenye Pyaasa ya 1957 akiitwa Pushplata, na diski moja ikisahaulika unaweza kununua picha yake isiyo na yeye.

Faili zenye mkia wa DAT zinakataa kwenye televisheni nyingi. Badilisha mkia uwe mpg, mara nyingi zitacheza.

Cha kusifu: wanatunza diski zao za asili kwenye mabahasha ya karatasi, zimepangwa kwa miaka, na ukionyesha kasoro wanarudia bila kununa wala kuongeza bei. Kazi nzima ni kama dakika 40 umeme ukiwepo. Anayepanda treni ya Kigoma au Mpanda apeleke flashi asubuhi, kwa sababu jioni ya safari foleni inafika barabarani, na hapo ndipo diski zinaposahaulika.

Picha yenyewe ya Dard hawana. Wimbo wanao, kwenye kompyuta ya muziki, na wanautoa bure kwa aliyelipia kifurushi. Ukitaja Tun Tun, kijana ataandika jina hilo na kukwambia hakuna kitu. Mwambie atafute kwenye U, Uma Devi.