Stellarium kwa mtu wa Dodoma: programu ya kuangalia anga la watu wa kale

Stellarium ni programu ya bure ya kompyuta inayoonyesha anga lilivyo kutoka mahali popote na siku yoyote, hata ya miaka elfu nne iliyopita. Mfaransa Fabien Chéreau aliianza mwaka 2000, na toleo la 1.0 likatoka 2022. Ukishaipakua haili bando. Kwa mwalimu wa historia, kwa anayeongoza watalii Kondoa, au kwa yeyote anayetaka kuona kile hasa Wamisri na Wababeli walichokuwa wanakitazama, sioni cha kuishinda. Ila ukiifungua na kuanza kubofya bila kuipanga, itakupotosha.

Anza na mahali. Bonyeza F6, andika Dodoma: nyuzi 6.17 kusini, 35.74 mashariki, mwinuko mita 1,120 hivi. Ukiiachia itafute yenyewe kwa intaneti, inaweza kukuweka Dar es Salaam, na hapo kila nyota itachomoza dakika 14 kabla ya wakati wake wa Dodoma. Saa yake ni ya tarakimu 24, kwa hiyo saa tatu usiku ni 21:00. Kisha ondoa mandhari ya kijiji cha Ufaransa inayokuja nayo, maana miti yake inaziba upeo wa macho, na mambo mengi ya watu wa kale yanatokea palepale kwenye upeo. Wengi hubonyeza G kuifuta ardhi. Hapo unaanza kuona hata nyota zilizo chini ya upeo na kudhani zimeshachomoza. Afadhali uingie F4, kwenye mandhari, uchague bahari.

Sasa ipe mtihani. Wamisri walihusisha mwaka mpya na kurudi alfajiri kwa Shira (Sirius), nyota angavu kuliko zote za usiku, karibu na majira ya mafuriko ya Naili. Weka mahali Cairo, jirani na Memphis ya kale, na mwaka -1320. Hiyo ni 1321 KK, kwa sababu programu ina mwaka sifuri ambao vitabu vya historia havina. Usipokumbuka hilo utakuwa nje kwa mwaka mmoja kila mara. Tarehe za kabla ya Oktoba 1582 inazitoa kwa kalenda ya Juliasi. Anza Julai 10, kama dakika 45 kabla ya jua kuchomoza, tafuta Sirius kwa F3, halafu bonyeza alama ya = kusogeza siku moja moja. Katikati ya mwezi, au siku chache baadaye, Shira itachungulia mashariki huku jua likiwa nyuzi 9 hivi chini ya upeo. Usiguse A, kitufe kinachoondoa angahewa: nyota itaonekana hata mbele ya mwanga wa jua, nawe utapata tarehe ya mapema mno.

Kisha rudi Dodoma, mwaka huu, ufanye vilevile, ila anza mwishoni mwa Juni. Hapa ndipo programu inapolipa. Misri Shira ilipotea kwa siku kama 70, nao waliuona muda huo kuwa ni wa nyota kukaa kuzimu. Maiti ya kifalme nayo iliandaliwa siku 70. Dodoma Shira inapita karibu na utosi, na kupotea kwake kwenye mwanga wa jua hakuzidi wiki mbili hivi. Hekaya ile isingezaliwa huku. Vivyo hivyo na nyota za kaskazini ambazo Wamisri waliziita zisizoangamia kwa sababu hazizami kamwe: kwetu ncha ya kaskazini iko nyuzi 6 chini ya upeo, na kila nyota angavu tunayoiona huchomoza na kuzama.

Sehemu ya tamaduni, ndani ya F4, ndiyo inayosifiwa sana, nami naipa alama ndogo kuliko hiyo ya kubadili muda na mahali. Bonyeza C kupata mistari ya makundi ya nyota, V majina, R michoro. Michoro ni mizuri kupita kiasi, na mtoto ataamini kwamba Mbabeli alimwona simba huyohuyo. Ubora wa maelezo hautoshani: Babeli ina msingi imara wa vibao vya udongo vya MUL.APIN, orodha ya kale ya nyota, na anga mojawapo la Waarabu linafuata kazi ya mwanafalaki al-Sufi ya mwaka 964, lakini kuna nyingine za kurasa chache tu. Kila utamaduni umewekewa aina yake, kama vile ya kihistoria, ya kimapokeo, au ya mtu binafsi. Soma hapo kwanza.

Mistari pia haisaidii kitu kwa watu wa milima ya Andes, Amerika Kusini, waliosoma madoa meusi ndani ya Njia Nyeupe. Doa moja ni Yacana, llama jike (mnyama wa huko wa jamii ya ngamia), na macho yake ni nyota mbili angavu za kundinyota la Kantarusi. Zima michoro yote, weka katikati ya Julai saa tatu usiku, utaziona kusini kwa kimo cha nyuzi 30 hivi. Halafu toka nje usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa za mji, upande wa Bahi au barabara ya Kondoa, ulinganishe. Ctrl+N hugeuza kioo kuwa chekundu ili macho yasipoteze mazoea ya giza.

Kwa simulizi za kwetu, usingoje toleo lijalo. Methali ya pwani inasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ijaribu: kilimia, lile kundi dogo la nyota, kinapotea magharibi mwanzoni mwa Mei na kurudi alfajiri mwezi Juni. Pwani Mei bado ni masika. Dodoma mvua zimeshakatika, kwa hiyo nusu ya pili haikai sawa. Kinachokaa ni Novemba 20: saa mbili usiku kilimia kiko kaskazini mashariki, kimo cha nyuzi 20 hivi, mashamba ya uwele na mtama yakisubiri mvua.

Ukikusanya ya wazee wa Kigogo, Kirangi au Kisandawe, unaweza kuyaingiza. Nakili folda ya utamaduni mmoja uiweke kwenye "skycultures" ndani ya folda yako ya Stellarium, si ile ya usakinishaji inayofutwa ukisasisha. Matoleo mapya husoma faili ya index.json. Nyota huandikwa kwa nambari za orodha ya nyota iitwayo Hipparcos, na za kilimia ni 17499, 17531, 17573, 17608, 17702 na 17847. Mkato mmoja ukikosekana, faili nzima haisomeki.

Kompyuta kuukuu zisizo na OpenGL (mfumo wa kuchora picha) ya kutosha zinaweza kufungua dirisha jeusi. Sasisha kwanza draiva ya kadi ya picha. Ikishindikana, tumia toleo la zamani.