Muziki wa laivu kwenye kiwanda cha korosho, Mtwara

Hakuna bango. Mwambie dereva wa bajaji akushushe kwenye kiwanda cha zamani cha korosho, kisha fuata besi mpaka kwenye mlango wa chuma wa kusukuma pembeni. Viwanda vingi vya kubangua korosho vilivyojengwa Kusini miaka ya 1970 havikudumu kazini. Hiki sasa kinapigiwa muziki Ijumaa na Jumamosi. Wanaopanda ni maandagraundi wa mjini, wasanii ambao bado hawajatoka, na bendi moja ya dansi yenye magitaa matatu. Plebeki, yaani kuimba juu ya wimbo uliorekodiwa, hairuhusiwi, na kwa hilo tu kiingilio cha shilingi 5,000 ni halali yao.

Kasoro ni jengo lenyewe. Bati juu, saruji chini, kuta tupu: sauti haina pa kuzama. Wenye ukumbi wametundika magunia ya korosho ukutani, wazo zuri lililoishia njiani. Gunia moja lililobanwa na ukuta linameza sauti nyembamba tu, za matoazi; za kati, zinazobeba maneno ya mwimbaji, zinaendelea kuzunguka. Yakunjwe matabaka manne, yaachwe sentimita 20 kutoka ukutani, tofauti itasikika usiku huohuo. Besi haijali gunia. Inajirundika kwenye kona, na kaunta wameiweka kwenye kona! Ukitaka kusikiliza, simama mita nane hadi kumi kutoka jukwaani.

Nyuma ya hapo kuna spika mbili za nyongeza zilizofungwa kwenye nguzo, mita 15 kutoka jukwaani, na sauti yake haijacheleweshwa ili iendane na ya jukwaani. Sauti inayosafiri hewani kutoka jukwaani hufika hapo baada ya milisekunde 43 hivi. Ya kwenye waya hufika papo hapo. Aliye nyuma anasikia kila neno na kivuli chake. Mixa yao ni ya dijitali, kwa hiyo fundi mitambo anaweza kulimaliza hilo kwa dakika moja.

Kuna pia mvumo bendi ikinyamaza. Ukifuata nyaya utaona mixa na amplifaya zimechomekwa kwenye laini mbili tofauti, kila moja na ethi yake, na ethi mbili zikikutana kupitia nyaya za sauti ndipo mvumo unapoingia. Vyote vitoke laini moja, friji za soda zibaki na yao. Ule ujanja wa kukata waya wa ethi usiguswe kabisa: mvumo unaisha, lakini siku kifaa kikivuja umeme, maiki inampiga mwimbaji shoti mdomoni.

Nyimbo za taratibu zinapendeza humu, mwangwi unalibeba gitaa la solo vizuri. Dramu za haraka zinakuwa uji. Na kati ya Desemba na Aprili, mvua ikishika bati, hakuna spika ya kuishinda. Bendi yenyewe huweka vyombo chini. Pweza anayechomwa nje ya mlango muwahi mapema, kabla ya saa nne keshaisha.