Pampu ya maji ya inchi 2 inayotumia petroli: inavyozingua na ninavyoirudisha kazini

Namwagilia vitunguu Ruaha Mbuyuni kwa pampu hii misimu kadhaa sasa, na ikiibwa leo nitanunua nyingine ya aina hiyohiyo. Jina lililobandikwa juu yake halina uzito. Madukani zimejaa za rangi na stika tofauti, ila injini nyingi ni za aina moja: nakala ya Honda GX160, cc 163. Ndiyo maana spea hazisumbui, na hata fundi pikipiki anaielewa.

Kinachoitesa kuliko vyote ni petroli iliyolala. Msimu ukiisha ukaiacha na petroli ndani, kabureta inashika utando, jeti ndogo, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, inaziba. Ukija kuiwasha, resi zinapanda na kushuka zenyewe, au inakubali kwa choki tu. Ukirudisha choki, inazima. Hapo wengi hukimbilia kuzungusha skrubu za kabureta. Ziacheni. Funga koki ya petroli, kisha fungua bolti inayoshika bakuli chini ya kabureta, mwaga kilichomo, tazama kama kuna maji au mchanga, halafu toa jeti uipulize. Usiichokonoe kwa waya. Tundu likipanuka, itakunywa petroli mpaka uichukie. Mimi siku ya mwisho ya kumwagilia nafunga koki na kuiacha iungurume hadi ijizimie.

Koki yenyewe ni dhaifu, na hapo mtengenezaji simsamehi. Pampu ikisafiri kwenye bodaboda koki ikiwa wazi, petroli hupita kwenye kabureta, ikaingia kwenye silinda na kushukia kwenye oili. Utaona kamba ya kuwashia ni nzito kuvuta, oili imezidi kiwango na inanuka petroli. Hiyo ni ya kumwaga yote, maana hata ikiwaka itasaga injini. Weka mpya, 10W-30, inaingia takriban lita 0.6.

Halafu kuna hili linalowalia watu hela: plagi haitoi moto kabisa, fundi anasema koili, inayoipa plagi moto, imekufa. Kabla hujatoa pesa, angalia pampu imekaaje. Nyingi ya injini hizi zina sensa ya oili. Oili ikipungua, inakata moto. Ukiitega kwenye ukingo wa mto ikiwa imeinama, oili inakimbilia upande mmoja, sensa inadhani imeisha. Isawazishe, jaza oili hadi kwenye mdomo wa tundu, kisha vuta kamba. Ikigoma bado, na oili una hakika nayo, chomoa waya wa sensa, mara nyingi ni wa njano, ujaribu. Ikiwaka, koili ni nzima, tafuta sensa nyingine.

Plagi ikiwa nyeusi kwa masizi, anza na chujio la hewa, maana vumbi letu la kiangazi halina huruma. Sponji fua kwa sabuni, ikauke, ipake oili kidogo na uikamue. Mwanya wa plagi uwe milimita 0.7 hadi 0.8. Na ikiwa inafanya kazi vizuri, inazima, ukiipumzisha inawaka tena, legeza mfuniko wa tangi kabla ya kugusa kingine: kitundu cha kupitishia hewa kimeziba, petroli haishuki.

Upande wa maji nimeridhika. Jaza maji kwenye pampu kabla ya kuwasha, kwa sababu ikizunguka kavu sili inaungua na maji yanaanza kuvujia upande wa injini. Isipovuta, usiilaumu injini, kagua mpira wa kuvutia. Klipu iliyolegea inanyonya hewa. Boksi limeandikwa inavuta mita 8, ila iweke karibu na maji kadiri unavyoweza, kusukuma inajua zaidi kuliko kuvuta. Kama maji ya kisima chako yako chini zaidi ya mita 7, hii haikufai, nunua pampu ya kuzamisha ndani ya maji.